Taa ya Injini na Mkwe Anayenong'ona

Taa yenyewe ni ndogo, haifiki ukubwa wa punje ya hindi, na rangi yake ni ya chungwa lililoiva. Iliwaka siku ya Jumatano nikitoka shambani Gahanga, mikungu mitatu ya ndizi nyuma, na papo hapo nikajua kuna mtu kaniingilia mambo yangu. Gari halikutikisika, halikukohoa, halikutoa moshi. Lilikwenda kama lilivyokwenda jana yake. Sasa taa ya nini? Mimi kitu kinacholalamika bila kusema kinaumwa wapi sikiamini, awe mtu, awe ng'ombe, liwe gari.

Gari hilo ni la marehemu mzee wangu, baba wa watoto. Ni kubwa kwa umri kuliko mjukuu wangu wa kwanza, na huyo sasa yuko chuo kikuu na ana ndevu. Mzee ndiye aliyenifundisha kuliendesha, kule Busanza, kabla hawajajaza zile nyumba, wakati barabara ilikuwa vumbi tupu. Nilikuwa na miaka hamsini na miwili. Watu walitoka majumbani kuja kucheka. Mtihani wa leseni nilianguka mara mbili, wa tatu nikapita, na nilipopita nilizunguka mtaa mzima nikipiga honi ili wale wale waliocheka watoke tena. Mimi ni mtu wa darasa la nne, tena darasa la nne la Karagwe, huko tulikokuwa wakimbizi na nilikookota Kiswahili hiki. Lakini nyuma ya usukani hakuna anayeniuliza nilisoma hadi wapi.

Sasa, mwaka jana nilikwaruza geti la kanisa. Kidogo tu. Geti lenyewe lilikuwa limefunguliwa nusu, na anayefungua geti nusu ndiye mwenye makosa. Lakini binti yangu akapata la kusema. Akatukusanya sebuleni kwake Kicukiro, ndugu zake wote wapo, akasema, "Mama, tumelizungumza sana. Kontrole ijayo wakilikataa gari, tunaliuza. Tutakuwa tunakupeleka sisi shambani."

Kontrole ndiyo ule ukaguzi. Wanapima breki, wanapima taa, na siku hizi wanapima hata pumzi ya gari, kama mgonjwa wa kifua. Nikainua mkono mbele ya wote nikasema, "Sawa. Wakilikataa, uzeni." Nilisema kwa sababu gari langu nalijua. Na mimi nikishasema mbele ya watu, sirudi nyuma.

Kwa hiyo mwelewe. Taa ile iliwaka zikiwa zimebaki wiki mbili na siku mbili kabla ya kontrole. Haikuwa taa. Ilikuwa mkono wa binti yangu unaingia kwenye pochi yangu kuchukua ufunguo.

Nikampigia. Nilitaka kusikia sauti yake, maana mwongo niliyemzaa mwenyewe namjua kwa pumzi. Akasema, "Pole, mama. Mume wangu ana fundi anamwamini, atakuja naye kesho." Haraka hivyo! Hakushangaa, hakuuliza taa gani. Fundi tayari yupo, mume tayari ana nafasi. Nikakata simu nikakaa nikaifikiria ile haraka.

Huyo mkwe wangu niwaambieni alivyo, maana bila hivyo hamtaelewa. Ni mtu wa adabu za zamani, wamemlea babu na bibi. Kwetu Wanyarwanda mkwe mwanamume na mama mkwe wanaheshimiana kwa umbali. Vijana wengi wa sasa wameacha, wanakaa na mama mkwe kochi moja wanaangalia mpira. Yeye hapana. Miaka kumi na mmoja amemwoa binti yangu, hajawahi kutafuna kitu mbele yangu. Nikiingia, anasimama. Nikimuuliza jambo, anaangalia chini na kumjibu mkewe: "Mwambie mama ni sawa." Watu wananisifia, wanasema nimepata mkwe wa heshima. Mimi nawaambia ndiyo, lakini moyoni nasema mtu asiyekuangalia machoni utajuaje anawaza nini?

Wakaja. Fundi alikuwa mtu wa makamo aliyekulia Bujumbura, mnene, ana kalamu sikioni kama karani. Akaingiza mkono chini ya usukani akachomeka kidude kama simu ya zamani. Nikasimama mlangoni kabisa, kichwa changu juu ya kichwa chake.

"Mama, unanizibia mwangaza."

"Jitahidi hivyo hivyo."

Kidude kikaonyesha herufi moja na namba nne. Namba nazijua, hakuna wa kunidanganya kwa namba. Nikaenda ndani nikaiandika nyuma ya kalenda ya parokia: P0455. Niliporudi nikamwambia, "Haya, tafsiri."

"Hii gari iko na shida ya mvuke," akasema. "Petroli ndani ya tangi inatoa mvuke, sawa na maziwa ya moto. Zamani ule mvuke ulikuwa unaenda hewani, unaharibu hewa. Hii gari haitaki. Inaushika, inauweka ndani ya kasanduku ka makaa, halafu injini inauvuta inauchoma. Sasa kompyuta imepima, imeona mvuke uko unatoka fasi fulani. Kuna tundu."

"Umesema makaa?"

"Ndiyo, mama. Makaa."

"Ndani ya gari?"

"Ndani ya gari."

Nikamgeukia mkwe wangu. Anaangalia viatu vyake. Mimi makaa nimepikia miaka arobaini, nimeyabeba, nimeyapepea, nimeyakohoa. Sasa mtu anasimama uani kwangu mchana kweupe ananiambia petroli wanaiweka pamoja na makaa, na kwamba hilo ndilo linalookoa hewa! Nikasema, "Baba, mimi ni mzee, lakini sikuzeeka leo."

Akacheka mpaka kalamu ikaanguka. Mkwe hakucheka. Yeye alikuwa amekwenda nyuma ya gari, akafungua kale kamlango ka kujazia petroli, akazungusha kifuniko cha tangi, akakitoa. Akakiangalia. Akakinusa. Kisha akamwita fundi kwa kidole, na hapo wakaanza kunong'ona.

Kwa Kifaransa! Watu wawili wanaojua Kinyarwanda na Kiswahili wananong'ona Kifaransa kando ya gari la mjane. Nikaanza kuwasogelea, taratibu, kama ninayeokota majani. Nikamwona mkwe wangu akibandua kitu cheusi kwenye kifuniko, akakisokomeza mfukoni. Fundi akatoa kitu kingine kwenye boksi lake, wakakichomeka, wakafunga.

"Mmechukua nini hapo?"

"Mwambie mama si kitu," mkwe akasema. Alikuwa anamwambia fundi, maana mke hayupo.

"Si kitu, mama," fundi akasema.

Taa wakaizima kwa kile kidude. Wakaondoka. Mkwe hata soda hakunywa.

Hawajafika barabara ya lami, mimi nimeshafungua kile kifuniko. Kwanza kilikuwa kigumu. Kikalia tak, tak, tak, kitu ambacho hakijakifanya tangu mwaka juzi. Kukigeuza, nikaona pete ya mpira mpya, inang'aa, nyembamba. Ya kwangu haipo.

Ndiyo, ya kwangu. Pete iliyokuja na kifuniko ilipasuka zamani, ikadondoka vipande. Mimi nikachukua tyubu ya baiskeli, nikakata pete kwa mkasi, nikaivisha pale, mwisho wa habari. Tyubu ya baiskeli ndiyo imejenga nyumba yangu. Kifuniko cha jerikani kinavuja? Tyubu. Mlango unagonga? Tyubu. Kuku kavunjika mguu? Kijiti na tyubu. Pete yangu ilikaa vizuri, na kama petroli ilinukia kidogo nikipanda mlima, basi petroli ni kitu cha kunukia, si marashi.

Sasa mbona waichukue kwa siri? Kitu kibovu mtu hukutupia miguuni akakwambia ona. Kitu kinachofichwa mfukoni kina sababu. Na hii nyembamba ni ya nini? Nikakaa kwenye ngazi nikaunganisha: binti mwenye haraka, mume asiyeangalia machoni, fundi wa makaa, na ufunguo wangu unaotakiwa. Nikaona yote wazi kama meza iliyofutwa. Wameniwekea kitu cha kulinyonga gari polepole, ili siku ya kontrole lishindwe lenyewe, na hakuna wa kulaumiwa.

Nikaitoa pete yao. Nikaifunga kwenye leso, maana ushahidi hautupwi. Nikakata nyingine kwenye tyubu, mara hii nene zaidi, nikaivisha, nikafunga. Haikulia tak. Nikafurahi haikulia.

Siku tano gari lilikwenda vizuri. Nilikwenda Gahanga, nikaenda kanisani, nikaenda kwenye msiba. Siku ya sita, Jumatano tena, kwenye kupanda kutoka shambani, taa ikawaka.

Sikuogopa hata kidogo. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nikasema, nimewakamata.

Jumapili nikaenda kwa binti yangu wakati wa chakula cha mchana. Nilijua mkwe atakuwepo, amesimama kule mlangoni mwa jikoni anasubiri nimalize kula ndipo naye akale chumba kingine. Watoto wao watatu mezani. Nikaweka kijiko chini nikasema, "Mwambie mumeo taa imerudi. Na umwambie arudishe kitu changu alichokiiba kwenye gari."

Hata yule mdogo aliacha kunyonya mfupa.

"Mama, unasema nini?"

"Nimesema kwa Kiswahili, nirudie kwa Kinyarwanda? Nilimwona kwa macho haya. Kaingiza mfukoni. Wewe unataka gari langu, umemtuma yeye, naye kamtafuta mtu wa makaa."

Nilimwangalia mkwe. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mmoja aliinua uso, akaniangalia. Midomo ikafunguka. Nikangoja. Kisha akashusha macho, akasema kwa sauti ndogo, "Mwambie mama nimesikia," akatoka nje. Tukasikia geti.

Binti yangu akainuka mezani. "Umemwita mwizi mbele ya watoto wake. Huyu mtu anapeleka gauni lako la kanisani kwa dobi kwa mkono wake ili lisikunjike. Mwizi, mama?"

"Basi aseme alichukua nini."

"Hawezi kukusemesha! Unajua hawezi!"

"Kuiba anaweza, kusema hawezi?"

Niliondoka bila kumaliza chakula, na nilikuwa na njaa, lakini kuna maneno mtu hawezi kuyasema kisha akaomba mchuzi.

Ikafika Jumanne, zimebaki siku tatu. Nikaamua kujitafutia fundi mwenyewe, asiyejuana na yeyote wetu. Nikazunguka Kicukiro nikipita gereji moja baada ya nyingine, ninawasha, ninazima, ninanusa watu. Ya nne nikakuta fundi mwanamke, ovaroli la buluu, amelala chini ya lori. Akatoka, akaniona, akasema, "Shikamoo, bibi." Kigali hii nani ananipa shikamoo? Nikamuuliza kwao wapi, akasema kakulia Mwanza. Nikazima gari.

"Marahaba. Sikiliza. Sitasema kitu. Wewe pima useme mwenyewe. Na siondoki hapa, nitakaa juu ya tairi hili nikuangalie."

"Kaa, bibi. Tairi halina mwenyewe."

Akachomeka kidude chake. Nikafunua karatasi yangu ya kalenda. P0455. Namba ile ile. Hapo nikaisoma mara mbili, maana nilitarajia namba nyingine. Fundi wa kwanza alikuwa hajasema uongo kwenye namba.

"Gari linasema mvuke wa petroli unavuja, na kwamba tundu ni kubwa," akasema. "Wengi hapa watakwambia ubadilishe vali, ubadilishe na lile sanduku la makaa."

"Kwa hiyo makaa yapo kweli?"

"Yapo, bibi. Kwani nani alikukatalia?"

Nikaikunja karatasi yangu.

"Mimi sibadilishi kitu kabla sijaliona tundu," akasema. "Ngoja nilivutishe moshi."

Akaleta kopo kubwa la chuma lenye mabomba mawili. Ndani anatia mafuta ya kupaka watoto wachanga, yale yale, yanapata moto wa umeme, yanatoa moshi mweupe. Akaunganisha bomba kwenye mrija wa mvuke kule mbele chini ya boneti, akafungulia hewa kidogo kidogo. Nikaruka kutoka kwenye tairi.

"Moshi kwenye petroli! Unataka kutuua?"

"Si moshi wa moto, bibi. Umeshapoa kabla haujafika. Ni kama ukungu. Njoo unuse."

Nikanusa. Gereji nzima ilinukia mtoto aliyeogeshwa. Nilizaa watoto sita, nikawapaka mafuta hayo wote, na sasa nanusa harufu yao kwenye injini.

Fundi akashika tochi akafuata mrija kuanzia mbele. Kwenye vali, hakuna kitu. Akaingia chini: kwenye sanduku la makaa, hakuna kitu. Kwenye tangi, hakuna kitu. Mimi nikawa nyuma yake, nimeinama, magoti yanalia. Nilikuwa naomba tundu lionekane mahali penye alama ya bisibisi, mahali mtu alipochokonoa.

Kisha tukauona. Pembeni mwa gari, kwenye kale kamlango ka kujazia petroli, moshi ulikuwa unatoka polepole, mweupe, umekizunguka kifuniko chote kama shungi.

Fundi akazima hewa, akasubiri, akakizungusha kifuniko. Kikatoka bila kulia. Akachomoa pete yangu kwa kucha. Ilikuwa imevimba kama maharage yaliyolala kwenye maji, upande mmoja umejikunja. Akaiminya ikaacha weusi vidoleni.

"Huu ni mpira wa tyubu. Petroli inaula, unavimba, unapinda, hauzibi tena. Bibi, nani kakata hii?"

"Mtu," nikasema.

"Huyo mtu angekuchomea gari siku moja."

Nikakaa kwenye tairi. Siwezi kuwaeleza nilivyojisikia. Ni kama umemfukuza mwizi mtaa mzima ukipiga kelele, halafu ukapita mbele ya kioo.

"Pete yenyewe ni kitu kidogo," fundi alikuwa anaendelea, "lakini kwa gari la zamani hivi, kuipata ni kazi. Inabidi tuzunguke. Kontrole lini?"

"Ijumaa."

"Aisee. Sijui kama tutaipata."

Nikafungua pochi. Nikatoa leso. Nikafungua fundo mbele yake, nikampa ile pete nyembamba.

Akaiangalia. Akaniangalia. "Bibi! Mbona unayo? Hii ndiyo yenyewe kabisa, ya gari hili hili! Umeipata wapi?"

"Alinitafutia mkwe wangu."

"Na ukaiweka kwenye leso?"

"Fanya kazi, mwanangu."

Akaivisha. Akafunga. Tak, tak, tak. Akafungulia moshi tena, na pale kwenye kifuniko hakikutoka hata kiuzi. Akafuta namba, taa ikazimika, akanituma nizunguke mjini siku mbili nione kama itarudi. Nilizunguka. Nilikwenda hadi Gahanga na kurudi mara nne bila sababu, natazama ile nafasi nyeusi kwenye dashibodi kuliko barabara. Haikurudi.

Ijumaa walilipima breki, taa na pumzi. Kijana wa pale akainama karibu na tangi, akavuta pua, akainuka, akaandika. Lilipita. Sikupiga honi mtaani mara hii.

Nilikwenda moja kwa moja kwa binti yangu na karatasi ya kontrole mkononi. Mkwe alikuwepo. Alisimama nilipoingia, kama kawaida yake, akasogea ukutani. Binti akaisoma karatasi, hakusema hongera. Alikuwa bado ananingoja.

Mimi sijui kuomba msamaha. Sikufundishwa, na darasa la nne hawakuwa wamefika hapo. Nikakaa. Nikasema, "Mwambie mumeo ile pete ya tyubu niliikata mimi."

Binti akamgeukia mumewe, hatua mbili tu kutoka nilipokaa. "Mama anasema ile pete aliikata yeye."

"Mwambie mama nilijua tangu siku niliyomjazia petroli, nikaanza kutafuta nyingine," mkwe akasema, macho chini.

"Anasema alijua."

"Nina masikio. Muulize kwa nini hakusema."

"Anauliza kwa nini hukusema."

Akamgeukia mkewe. "Mwambie, ningeanzaje kumwambia mama mzazi wa mke wangu kwamba kazi ya mkono wake ni mbaya? Nilidhani nitaiondoa kimya kimya, nitaweka nzuri, asijue kitu, asipate aibu. Ndiyo maana hata na fundi tulinong'ona."

Binti hakuirudia hiyo. Hakukuwa na haja.

"Mwambie," nikasema, "mwambie nilisema neno baya Jumapili. Na kwamba watoto walisikia. Sasa uwaite watoto waje wasikie na hili: baba yao si mwizi. Bibi yao ndiye mwenye kichwa kigumu."

Wakaitwa, wakaja watatu, wakasikia. Yule mdogo akauliza kama bibi sasa atachapwa. Nilimwona mkwe wangu akiuma midomo asicheke.

Nikainuka nikachukua ufunguo wangu. Nilipofika mlangoni nikasikia anasema nyuma yangu, mara hii kwa sauti ya kawaida, sauti ya mtu na nyumba yake:

"Na umwambie mama kile kifuniko asikiguse tena."

Binti yangu akafungua mdomo anipe ujumbe. Nikamwahi. Nikageuka nikamwambia mwenyewe, uso kwa uso, "Nimesikia, mwanangu."